Wanakulisha bure mpaka uzoee, kisha bili: anayeanza kutengeneza tovuti leo aanzie wapi?

#1 Kiroboto wa Moro
Wakuu, salaam.

Nina dogo nyumbani, mtoto wa dada, kamaliza kidato cha sita na anasubiri chuo. Miezi saba hii anajifunza kutengeneza tovuti kwa kompyuta niliyomwachia, Dell ya zamani ambayo betri yake ilishakufa, ukichomoa waya tu imezima. Katengeneza kimfumo cha kikoba cha mama yake: nani kaweka hisa, nani kakopa, nani anadaiwa. Kinamama kumi na wanane. Jumapili wanakaa chini ya mwembe, mweka hazina anawasomea kutoka kwenye simu, daftari limestaafu.

Wiki iliyopita dogo kapata barua pepe kutoka kampuni anakotunzia kanzidata, yaani rekodi zote za ule mfumo (jina naliacha, msije mkageuza uzi kuwa wa kampuni). Mpango wa bure unafungwa, ana siku thelathini, akitaka kuendelea ni dola 20 kwa mwezi. Hiyo ni elfu hamsini na kitu. Hisa moja ya kile kikoba ni elfu mbili.

Kinachoniuma si dola 20. Huyu mtoto hakwenda pale kwa miguu yake, alipelekwa. Kila video ya mafunzo aliyoifuata ilianza na "fungua akaunti hapa, ni bure". Hajawahi kuweka kanzidata kwenye mashine yake mwenyewe hata siku moja, hajui hata kama inawezekana. Hoja yangu: huu ni ulimbo, na wanaupaka kwenye tawi wanalotua makinda. Nikosoeni.

#2 Chuma Chakavu
Hakuna cha bure mjini mkuu. Uzi ufungwe.

#3 Nyundo ya Tandale
Hata mimi naona ulimbo. Waliokuwepo wanakumbuka Heroku, kampuni ya kuweka tovuti hewani. Pale ndipo karibu kila mtu aliyejifunza Rails au Node (zana za kujengea tovuti) aliweka kazi yake ya kwanza hewani, bure. Programu yako ikikaa nusu saa bila mtu kuifungua inalala, ukiifungua inajikokota kama mtu kaamshwa usingizini, lakini ilikuwa inafanya kazi. Salesforce waliinunua 2010, wakaiacha hivyo miaka kumi na zaidi. Tarehe 28 Novemba 2022 bure ikafutwa. Miradi ya wanafunzi dunia nzima ikazimika kama taa za mtaa.

Watu wakahama. Wengine wakaenda PlanetScale kwa ajili ya kanzidata. Aprili 2024 nao wakafuta mpango wa bure, pa kuanzia pakawa dola 39. Sasa hebu niambieni, mtu anayejifunza anahama mara ngapi kabla hajakata tamaa?

#4 Mzee wa FrontPage
Watoto wa siku hizi mnalia na dola 20. Sisi tulianza Dreamweaver, programu ya kutengenezea tovuti, ikiwa karibu dola 400, na unajua tulilipa shilingi ngapi? Ya CD tu. Kulikuwa na jamaa mwenye kafe ya intaneti pale Kariakoo, anakuuzia CD imeandikwa kwa kalamu ya rangi "DW MX + Flash + FUNGUO". Hizo funguo ni kiprogramu kidogo kinakutungia namba ya leseni, na kikifunguka kinapiga muziki. Muziki wa kulialia kama mchezo wa zamani wa televisheni. Usiposhusha sauti mapema, kafe nzima inajua unachofanya. Jamaa mwenye kafe akisikia ule muziki anacheka tu, anasema "mwingine kahitimu".

Basi tukajifunza. Halafu Adobe akainunua Macromedia, wenye Dreamweaver, 2003 na mambo yakaharibika.

#5 Binti Kilindoni
Mzee shikamoo, ila ni 2005, si 2003. Dili ya karibu dola bilioni 3.4. Na mambo yaliharibika baadaye, 2013, walipoacha kutoa matoleo mapya yenye leseni ya kudumu. CS6, toleo lao la 2012, ndiyo ya mwisho uliyoweza kuinunua ikawa yako. Baada ya hapo ukawa mpangaji, unalipa kila mwezi.

#6 Mzee wa FrontPage
Marahaba binti. 2005 sawa, umri huu. Lakini mpangaji ndilo neno lenyewe. Zamani uliiba nyumba, sasa hata ukiwa na hela huuziwi.

#7 Chuma Chakavu
Kwa hiyo mnaandika kodi na kulipa kodi.

#8 Binti Kilindoni
@Chuma 😂 toka hapa.

Nirudi kwa mleta uzi. Ulimbo sikubaliani nao. Heroku wenyewe walipotangaza walisema nguvu nyingi mno ilikuwa inakwenda kwenye kupambana na matapeli wa ile huduma ya bure. Si wao peke yao. GitLab, mtandao wa kutunzia msimbo wa programu, mwaka 2021 walianza kudai kadi ya benki kwa watumiaji wapya wa bure waliotaka kutumia seva zao za kuendeshea kazi, kwa sababu watu walikuwa wanafungua akaunti mamia wanachimba sarafu za mtandaoni humo. Umeme na mashine za mtu, faida ya kwako. Ungekuwa wewe ungevumilia?

Nilishaona hapahapa mtu akijisifu ana akaunti kumi na nne za bure kwenye kampuni moja. Jina namstahi, anasoma uzi huu.

#9 Nyundo ya Tandale
Kumi na mbili. Mbili zilifungwa.

Na hata hivyo mwenye duka akitaka kuacha kukopesha, husema panya wamezidi stoo. Panya wapo kweli, ila walikuwepo tangu zamani. Mbona 2015 hawakuwa sababu?

#10 Daftari Jekundu
Kwa sababu 2015 pesa ilikuwa rahisi, ndiyo jibu. Mimi ni mhasibu, msimbo siujui, ila hili nalijua. Kampuni hizi nyingi zilikuwa zinaishi kwa pesa ya wawekezaji, na riba Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Mwekezaji anakwambia leta watumiaji, faida itakuja. Machi 2022 benki kuu yao ikaanza kupandisha, kufika Julai 2023 riba ikawa juu ya asilimia 5. Mwekezaji yuleyule akawa anaweza kununua hati fungani za serikali akalala. Anakupigia simu: wale watumiaji milioni wa bure wanatuingizia nini? Angalia tarehe alizotaja #3. Zote ni baada ya Machi 2022.

#11 Binti Kilindoni
Hili lina mantiki. Ila GitLab ni 2021, kabla ya riba.

#12 Daftari Jekundu
GitLab hawakufuta bure, walidai kadi. Tofauti.

#13 Njugu za Nairobi
Wadau, hapo kwenye kadi ndipo mimi naingilia. Huku Nairobi bei ya dola si tatizo sana, tatizo ni dola yenyewe. Mimi hulipia kifaa cha dola 10 kwa mwezi, bei haijabadilika. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, nikalipa 1,600. Baadaye mwaka huohuo ikashuka hadi 129 hivi. Mwenye kuuza hajapandisha wala kushusha kitu, lakini mfuko wangu unapanda na kushuka kama ubao wa bembea. Weka na VAT, 16% huku, 18% huko kwenu.

Angalau tangu 2022 tuna ile kadi ya Visa ya M-Pesa, unaitengeneza kwenye simu. Kabla ya hapo nilikuwa naomba kadi ya binamu yangu, na binamu akilewa anasimulia watu kwamba yeye ndiye anafadhili kazi yangu.

#14 Tausi wa Tabora
Bora wewe una binamu. Mimi nilienda tawini, benki siitaji, nikaomba kadi ifunguliwe kwa manunuzi ya mtandaoni. Dada wa dirishani akaniuliza unanunua nini. Nikasema seva. Akaandika "seva". Akauliza inakuja kwa meli au ndege. Nikamweleza haiji, inabaki hukohuko Ujerumani, mimi naitumia tu kutoka hapa. Akaweka kalamu chini, akaniangalia kwa huruma: "Kaka, umeshatuma hela?" Alidhani nimetapeliwa. Akamwita meneja.

Fomu ilichukua siku tisa. Kufika hapo ofa ya mwezi wa kwanza bure imeisha.

#15 Njugu za Nairobi
Nimecheka mpaka chai imemwagika.

#16 Bei Poa Software
Wakuu mwenye shida na Adobe zote, Elementor Pro na templeti za kulipia, mwaka mzima elfu 15 tu, karibuni inboksi. Waaminifu tu.

#17 Msimamizi
#16 kapumzishwa siku saba. Endeleeni.

#18 Fundi Mwanga
Msimamizi ungemwacha kidogo nimweleze yaliyonikuta. Tovuti yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya lodji moja, laki mbili na nusu. Plagini ya kulipia, yaani kiprogramu cha nyongeza kwa WordPress iliyokuwa inaendesha ile tovuti, ilikuwa karibu dola 60 kwa mwaka, nikajiambia dola 60 katika laki mbili na nusu, nitabaki na nini? Nikachukua ya kuvunja leseni kutoka mtandao wa "bure kwa wote". Ikafanya kazi vizuri miezi mitatu.

Halafu mwenye lodji kanipigia saa tano usiku. Mgeni wake kabofya "weka nafasi" kapelekwa kwenye tovuti ya kamari. Nikafungua kwa kompyuta yangu, haina shida. Nikafungua kwa simu, kamari. Yule mdudu alikuwa anachagua: ukitumia kompyuta anajificha, ukija kwa simu kupitia Google anakurusha. Nilimtafuta usiku mbili, nikamkuta kwenye faili lililojipa jina kama la WordPress lenyewe, tofauti herufi moja. Laki mbili na nusu zote nikarudisha kwa mafungu.

#19 Tausi wa Tabora
Pole kaka. Ila kisheria plagini nyingi za WordPress zina leseni huria ya GPL, kuisambaza nakala si wizi. Unacholipia ni masasisho na msaada.

#20 Fundi Mwanga
Sheria sina ugomvi nayo. Shida ni mkono ilikopitia kabla ya kukufikia.

#21 Binti Kilindoni
Naomba nigeuze mkeka kidogo, maana tunazungumza kana kwamba kila kitu kimepanda. Vifaa vya kuandikia msimbo vimeshuka mno. VS Code ya Microsoft imekuja 2015, bure. WebStorm ya JetBrains, iliyokuwa ya kulipia miaka yote, tangu Oktoba 2024 ni bure kama hufanyii biashara. Cheti cha usalama cha tovuti tulikuwa tunanunua, Let's Encrypt wakakifanya bure. GitHub, ghala la msimbo mtandaoni, zamani ukitaka hifadhi ya faragha unalipa. Microsoft waliponunua 2018 wakaifanya bure.

Anayeanza leo ana karakana ambayo Mzee wa FrontPage angeuza baiskeli kuipata.

#22 Nyundo ya Tandale
Marekebisho. Faragha bure ni Januari 2019, na mwisho ilikuwa washirika watatu. Vikundi vyote vikafunguliwa Aprili 2020. Dada unasahihisha wazee tu, wewe husahihishwi?

#23 Binti Kilindoni
Nimesahihishika.

#24 Kiroboto wa Moro
Hapo #21 umenifungua macho, na nadhani umenipa silaha bila kutaka. Kalamu bure, karatasi bure. Lakini kuandika si shida ya dogo. Shida ni kuweka kazi mahali kinamama waione kwa simu zao. Hicho ndicho kimepanda. Kujifunza kumeshuka bei, kuonekana kumepanda. Na mtoto wa Morogoro asipoonekana nani atampa kazi?

#25 Daftari Jekundu
Kwa hesabu ni rahisi tu. Kalamu wakishaitengeneza mara moja, nakala ya milioni haiwagharimu kitu. Seva inakula umeme usiku na mchana, hata kinamama wakilala.

#26 Mzee wa FrontPage
Na kalamu ya bure ina njia yake ya kukupeleka kwenye seva ya mwenye kalamu. Kile kitufe cha "weka hewani" kilichokaa pembeni ya skrini kinakupeleka kwa nani? Nimezeeka ila sijapofuka.

#27 Chuma Chakavu
Mzee kaamka.

#28 Pweza wa Tanga
Nimesoma kuanzia juu. Mnaogopa dola 20, mimi naogopa bili isiyo na mwisho. Februari 2024 kuna jamaa alikuwa na tovuti ndogo tu kwenye Netlify, kampuni ya kuweka tovuti hewani, kurasa za kawaida, mpango wa bure. Kashambuliwa, mafuriko ya watembeleaji bandia, bili ikaja dola 104,500. Kwa hiyo dogo akipewa kadi ya mjomba...

#29 Tausi wa Tabora
Malizia hadithi. Mkurugenzi wao alijitokeza hadharani akasema ile bili inafutwa. Jamaa hakulipa.

#30 Pweza wa Tanga
Baada ya kelele mtandaoni. Wewe ukiwa Tanga, Kiingereza cha kuunga, nani atakusikia?

#31 Njugu za Nairobi
Kiroboto, mwambie pia asome masharti. Kwa mfano Vercel, kampuni nyingine ya kuweka tovuti hewani, ile ya bure hairuhusu shughuli za kibiashara. Sasa kikoba ni biashara au si biashara?

#32 Daftari Jekundu
Ni biashara. Kuna riba.

#33 Tausi wa Tabora
Si biashara, faida inagawanywa kwa wanachama haohao.

#34 Daftari Jekundu
Hata kampuni inagawa faida kwa wanahisa haohao.

#35 Chuma Chakavu
Mama Kiroboto ataitwa mahakamani San Francisco kwa kukopesha jirani elfu thelathini ya mbolea.

#36 Kiroboto wa Moro
Ni dada yangu, si mama 😂

#37 Fundi Mwanga
Mmesahau majina ya bure ya tovuti, .tk, .ml, .ga. Nusu yetu tulianzia pale. Mimi nilikuwa na duka la viatu kwenye .ml, sijui hata mtu mmoja kule Mali. Meta, wenye Facebook, walipowashtaki Freenom, waliokuwa wanayagawa, 2023 usajili ukasimama. Na .com nayo, bei ya jumla ya Verisign, wanaoisimamia, ilikuwa dola 7.85, ikaongezwa mara nne tangu 2021, Septemba 2024 ikafika 10.26. Hiyo ni kabla muuzaji hajaweka chake.

#38 Binti Kilindoni
Lakini .tk ilistahili kufa. Nusu ya ujumbe wa utapeli niliowahi kupokea ulikuwa na .tk.

#39 Nyundo ya Tandale
Panya tena.

#40 Ngalawa
Sipendi kuandika sana ila hamjamsaidia mtoto. Kiroboto, fanya hivi. Kwanza leo leo achukue nakala ya data yote aishushe kwenye kompyuta, asisubiri siku ya ishirini na tisa. Pili, rekodi za watu kumi na wanane hazihitaji kanzidata ya kukodi. SQLite ni faili moja, linakaa pamoja na programu. Tatu, atafute kampuni ya hapa nchini yenye hosti ya pamoja, yaani seva moja mnayochangia wengi, analipa kwa simu kwa shilingi, hakuna kadi wala dirisha la benki.

Hata huko si peponi. Wengi wanatumia cPanel, programu ya kuendeshea hosti, na 2019 cPanel waliacha leseni ya bei moja kwa seva nzima wakaanza kuhesabu kila akaunti, na tangu hapo bei inasogea. Mwenye kuhosti hapa Dar akabeba ule mzigo akamshushia mteja. Lakini inalipika.

#41 Mzee wa FrontPage
PHP, lugha ya zamani ya kuandikia tovuti, na hosti ya pamoja. Miaka ishirini, tumerudi pale pale kwenye kafe.

#42 Nyundo ya Tandale
Ila kwa PHP hawatamwajiri. Matangazo ya kazi yote yanataka zile za wingu, za seva za kukodi mtandaoni. Huo ndio ulimbo wenyewe, ukitoka kwenye tawi hakuna mti mwingine.

#43 Ngalawa
Ninaishi kwa PHP, nimejenga, nasomesha wawili.

#44 Chuma Chakavu
Ngalawa anakodi na anapangisha.

#45 Kiroboto wa Moro
Wakuu mrejesho, asanteni. Dogo kafuata #40. Data yote imeshuka, faili zima halifiki hata nusu megabaiti. Kuna picha moja ya wasifu kwenye simu yangu kubwa kuliko historia yote ya kikoba. Alikaa kimya akiliangalia, akaniuliza: "Mjomba, ndiyo hili walikuwa wanataka dola 20?" Sikumjibu.

Kapata hosti ya hapa, elfu tano kwa mwezi, kalipa kwa simu. Jumapili aliwaeleza kinamama, wakakubali itoke kwenye mfuko wa kikundi. Mabishano yakawa iandikwe safu gani. Mmoja anasema dharura, mwingine matumizi ya ofisi, na ofisi ni mwembe. Mweka hazina akaamua mwenyewe, kaandika "kodi". Na daftari kalitoa kabatini, sasa anaandika kote kuwili.

#46 Binti Kilindoni
Hongera zake. Ila mkumbushe, SQLite inapokea mwandishi mmoja kwa wakati mmoja. Kinamama kumi na wanane wakiweka hisa kwa mpigo Jumapili itaanza kugoma.

#47 Kiroboto wa Moro
Wanaosoma ni wengi, anayeandika ni mweka hazina peke yake. Simu hamwachii mtu.

#48 Daftari Jekundu
Bado nasema ni riba.